Somo la Ufugaji: Banda la Kuku la Kuhamishwa

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wao katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama ataweza kujenga kwa mikono yake banda dogo la kuku linalohamishwa, naye ataelewa kwa nini hapana budi kulihamisha kila siku. Katibu naye ataweza kulieleza jambo hili mbele ya bodi kabla chama hakijatoa hata shilingi moja.

1. Hasara isiyoandikwa daftarini

Mkulima wa Dongobesh au Endasak hujua kwa hakika magunia aliyovuna mwaka uliopita. Akipungukiwa gunia moja ghalani, atauliza, na katibu atafungua daftari. Lakini kuku wake akitoka kiotani na vifaranga 10, na baada ya miezi miwili wakabaki 3, hakuna anayeuliza. Mmoja alinyakuliwa na mwewe mchana kweupe, wawili walichukuliwa na nguchiro pembeni mwa shamba, wengine walikufa kwa mvua na baridi au kwa kuhara. Husemwa tu kwamba ndivyo kuku walivyo.

Na ipigwe hesabu. Kuku wa kienyeji akiatamia mara 3 kwa mwaka na kuangua vifaranga 10 kila mara, jumla ni vifaranga 30. Wakibaki 3 katika kila 10, nyumba hiyo imepata kuku 9 kwa mwaka. Wakibaki 7 katika kila 10, imepata kuku 21. Tofauti ni kuku 12 kutoka kwa kuku mama mmoja tu. Ni hasara kubwa, na aghalabu humwangukia mama wa nyumba, kwa kuwa fedha za mayai na za jogoo mmoja mmoja ndizo anunuliazo sabuni, chumvi na madaftari ya watoto, na ndizo nauli yake anapompeleka mgonjwa hospitali ya Haydom.

Wahenga walisema: mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, lakini mwewe naye hafunzwi kunyakua. Kifaranga anajua kujitafutia. Asilolijua ni kujilinda. Kazi ya banda ni kumlinda bila kumnyima ardhi ya kuchakura.

2. Kwa nini banda lihame

Yupo atakayesema: kama shida ni mwewe, wafungiwe katika banda la kudumu. Wengi wamejaribu, wakamkimbia adui mmoja na kumwangukia mwingine. Adui huyo ni kuhara damu, ugonjwa unaoua sana vifaranga wa umri wa wiki chache. Vijidudu vyake hutoka pamoja na kinyesi, lakini vinapotoka havijawa tayari kuambukiza. Huhitaji siku moja au mbili, katika unyevu na joto la kiasi, ndipo viive. Baada ya hapo kifaranga akidonoa punje iliyoangukia penye kinyesi kile, huugua.

Hapo ndipo ilipo maana yote ya banda la kuhamishwa. Anayelihamisha kila siku huwaondoa vifaranga kabla kinyesi cha jana hakijawa sumu. Anayelihamisha mara moja kwa wiki amejenga banda la kudumu lenye gharama za ziada, tena baya zaidi, kwa maana halina hata sakafu inayofagilika. Banda lisilohama ni gereza lenye ugonjwa ndani yake.

Ipo faida ya pili. Wakulima wa Kainam na nyanda za juu za Mbulu wamejulikana tangu zamani kwa kutunza samadi ya mifugo yao na kuibeba hadi shambani, na kwa njia hiyo wamelima miteremko ile ile kizazi baada ya kizazi. Banda la kuhamishwa hufanya kazi hiyo bila kubeba: kuku hupeleka samadi wenyewe, huchakura magugu na kuwala wadudu waliojificha udongoni.

Jambo hili si geni duniani. Mkulima Joel Salatin wa jimbo la Virginia, Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 jinsi anavyofuga kuku wa nyama katika vizimba visivyo na sakafu, vyenye upana wa futi 10, urefu wa futi 12 na kimo cha futi 2, vinavyosogezwa kila siku juu ya majani. Lakini yafaa mwanachama asinakili vipimo hivyo. Kizimba cha namna ile kinataka malisho mapana na ya tambarare, ambayo shamba la mteremkoni Mbulu halina. Kanuni ndiyo ya kuchukuliwa, na vipimo vifuate mahali.

3. Vipimo vinavyofaa

Banda lielezwalo hapa lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba cha kulala chenye urefu wa mita 1, na ya pili ni kizimba cha mchana chenye urefu wa mita 2. Banda hili linatosha kuku wakubwa 8, au kuku mama wawili na vifaranga wao wasiozidi 20. Anayetaka kufuga zaidi na ajenge la pili; asilirefushe hili, kwa sababu banda lisiloinulika halitahamishwa.

Kipimo cha kwanza kuliko vyote ni uzito. Wanaohamisha banda asubuhi ni mama na watoto kabla hawajakwenda shule. Wao wawili wakishindwa kuinua upande mmoja, banda hilo limekosewa, hata likiwa zuri namna gani. Kwa hiyo miti ya mkaratusi ikatwe mapema na kukaushwa vema kabla ya kujengea, kwa kuwa mti mbichi ni mzito, tena hupinda. Kadhalika kukandika kuta kwa udongo, kama ilivyo desturi ya nyumba, ni kosa katika banda hili.

Vifaa ni hivi: bati moja la mita 3, wavu wa kuku wenye matundu ya nusu inchi na upana wa mita 1.2, mita 5, misumari, miti miwili minyofu ya mita 3, miti myembamba na fito za kutosha, magunia makuukuu au mikeka ya matete, na vipande vya mpira wa tairi vya kutumika badala ya bawaba. Wavu wenye matundu makubwa haufai, kwa sababu kifaranga mchanga hupenya. Mita 5 za wavu hutosha hivi: mita 2 kwa paa la kizimba, mita 2 nyingine, zikipasuliwa katikati kwa urefu, huwa mbavu mbili zenye kimo cha sentimita 60, na sentimita 60 hufunga upande wa mbele. Kinachobaki ni cha viraka.

4. Kujenga

Kwanza, ile miti miwili ya mita 3 ilazwe chini sambamba, ikiachana mita 1.2, na ncha zake zichongwe kidogo kuelekea juu ili ziteleze juu ya majani badala ya kuchimba ardhi. Iunganishwe kwa miti mitatu ya kukingama: mbele, nyuma, na pale chumba kinapokutana na kizimba. Vikono vinne vya kushikia viachwe, viwili kila upande. Mwenye gurudumu kuukuu la toroli na alifunge nyuma penye uzito.

Pili, isimamishwe fremu ya kizimba yenye kimo cha sentimita 60, na wavu upigiliwe kwa nje, ili nguchiro akisukuma asiung'oe. Sehemu ya paa la wavu ifanywe kifuniko kinachofunguka, ambapo maji na chakula vitapitishwa.

Tatu, kijengwe chumba. Kimo chake kiwe sentimita 90 mbele na 75 nyuma, ili maji ya mvua yatiririke. Sakafu yake iinuliwe sentimita 30 kutoka ardhini, nayo iwe ya fito zilizoachana sentimita 2, kinyesi kipate kudondoka chini. Mchana kuku hutumia pia kivuli kilicho chini ya sakafu hiyo, kwa hiyo pande zake nazo zizibwe kwa fito hadi ardhini. Bati likatwe vipande viwili vya mita 1 na nusu, ambavyo vikilazwa pamoja huezeka chumba chote na kubakiza mapaa ya kutosha.

Nne, kuta tatu za chumba zisukwe kwa fito na kufunikwa kwa magunia au matete, isipokuwa uwazi wa upana wa kiganja chini ya paa wa kupitisha hewa, uliozibwa kwa wavu. Ndani iwekwe miti miwili ya kulalia. Kuku mmoja huhitaji nafasi ya sentimita 20, hivyo miti miwili ya mita 1.2 huwatosha 8 kwa nafasi. Mlango wa kuingilia kuku uwe na komeo la nje, na ubao wenye vijiti uwe ngazi yao. Nyuma uwepo mlango wa kutolea mayai na kusafishia.

Tano, upepo usisahauliwe. Katika tambarare za Basotu na pande za Katesh, upepo wa kiangazi unaweza kupindua banda jepesi. Vigingi vinne, kimoja kila pembe, vifungwe kwa kamba za katani kila linapohamishwa, na mgongo wa chumba uelekee upande upepo unakotoka. Penye ng'ombe na mbuzi wengi, banda liwekwe ndani ya boma la miiba.

5. Kazi ya kila siku

Wiki ya kwanza vifaranga wakae nyumbani chini ya tenga pamoja na mama yao, kama ilivyo desturi. Wiki ya pili waingie bandani, na fito za chumba zifunikwe kwa gunia na mabua ya ngano au nyasi kavu, zibadilishwe zikilowa. Hufaa sana kuwaatamisha kuku wawili kwa siku moja, ili vifaranga walingane umri. Mayai yasiyozidi siku 10 yachaguliwe, na kuku wote wawili wawekewe jioni moja. Baada ya siku 21 wataangua pamoja.

Asubuhi utaratibu ni mmoja tu, nao usibadilishwe. Kuku wakiwa bado wamefungiwa katika chumba cha juu, vigingi ving'olewe, banda lihamishwe upana wake mmoja, vigingi vipigiliwe tena, ndipo mlango ufunguliwe. Anayehamisha huku vifaranga wakizunguka chini atawavunja miguu. Wakitoka wahesabiwe. Jioni wahesabiwe tena wakiingia, na komeo lifungwe kabla ya giza, kwa kuwa kicheche hutembea usiku.

Penye mteremko, banda lihamishwe kwa kufuata kontua, sambamba na makinga maji, wala lisipandishwe wala kuteremshwa kila siku. Msimu wa mvua lisiwekwe bondeni maji yanapotuama.

Ardhi ya mita 3.6 za mraba haitoshi kuwalisha waliomo. Wapewe maji safi siku zote, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo waliosagwa na majani mabichi. Mchwa ni chakula bora cha vifaranga, na hakina gharama. Lakini mahindi yenye ukungu wasipewe kamwe. Sumukuvu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 huwadhuru na kuwaua vifaranga vilevile. Kuku wakubwa waweza kufunguliwa saa za alasiri wakazurura, wakarudi wenyewe kulala.

Vifaranga wakifikisha wiki 8 wajiunge na kundi kubwa, na banda lipokee wengine.

6. Ardhi inayohitajika

Banda likihamishwa kwa ubavu, mita 1.2 kila siku, siku 10 hutumia mstari wa mita 12. Mistari mitatu yenye upana wa mita 3 kila mmoja ni mita 9. Kwa hiyo kiwanja cha mita 12 kwa 9 hutosha siku 30 bila kurudia mahali pamoja. Robo ya ekari, ambayo ni zaidi kidogo ya mita 1,000 za mraba, hutosha miezi tisa hivi. Kadiri ardhi inavyopumzika zaidi ndivyo minyoo na vijidudu vinavyopungua, ijapokuwa havimaliziki kabisa.

Kinyesi kibichi cha kuku ni kikali na huunguza miche. Mahali palipotoka banda papumzishwe, kisha palimwe pamoja na samadi yake. Mboga zinazoliwa mbichi zisivunwe hapo kabla ya kupita miezi minne.

7. Lisiloweza kufanywa na banda

Katibu asikubali mwanachama yeyote aamini kwamba banda huzuia kideri. Kideri huingia na kuku mgeni, na viatu, na manyoya, na tenga lililotoka sokoni. Kikiingia, kuku aliye bandani hufa sawasawa na aliye nje.

Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2 ilitayarishwa na watafiti wa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, ikajaribiwa Tanzania katika miaka ya 1990, na hatimaye ikatengenezwa hapa nchini. Sifa yake ni kuvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ijapokuwa nayo hutaka kuwekwa mahali pa baridi pasipo jua. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Tatizo la mfugaji mdogo ni kwamba chupa moja imekusudiwa kuku wengi, naye ana kuku 8. Ikishafunguliwa haifai kuhifadhiwa hadi awamu ijayo. Mtu mmoja akinunua peke yake, sehemu kubwa humwagwa. Kwa hiyo wengi hawanunui kabisa. Hapa ndipo ushirika unapothibitisha faida yake. Kitongoji kizima kikikubaliana siku moja, na afisa mifugo wa kata akaarifiwa, chupa moja humaliziwa asubuhi moja, na gharama ya kila kuku huwa ndogo mno.

Kuku aliyenunuliwa mnadani asichanganywe na wenzake siku hiyo hiyo. Akae peke yake mbali kwa siku 14. Banda la kuhamishwa lililo tupu hufaa sana kwa kazi hiyo.

8. Wajibu wa chama

Chama kisianze kwa mabanda 50. Kianze kwa mawili au matatu katika kitongoji kimoja, na matokeo yapimwe. Katika nyumba ileile, vifaranga wa kuku mmoja wawekwe bandani na wa kuku mwingine walelewe kwa desturi ya zamani. Katibu aandike daftari lenye safu hizi: tarehe ya kuanguliwa, idadi, waliobaki wiki ya 4, waliobaki wiki ya 8, na sababu ya vifo. Baada ya miezi sita daftari litasema lenyewe kama banda limelipa gharama ya bati na wavu wake.

Likionyesha faida, mkopo utolewe kwa vifaa, wala si kwa fedha taslimu, na urejeshwe kidogo kidogo. Fedha za mazao zilizomo katika akaunti ya chama, ziwe za kitunguu saumu, za mbaazi au za alizeti, ni mali ya wakulima waliopima mazao yao. Zisiguswe kwa kazi hii hata kwa siku moja. Na kama chama kitakopa nje, Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikiruhusu kuvuka ukomo wa madeni uliowekwa kwa utaratibu wake. Bodi isiyokumbuka hayo itawaingiza wanachama katika deni kwa ajili ya kuku wasiowahi kuwaona.

Jambo la mwisho ni gumu kulisema mkutanoni, lakini lazima lisemwe. Katika nyumba nyingi mwanachama ni baba, mhamishaji wa banda ni mama. Mkopo ukiandikwa kwa jina la baba na kuku wakauzwa na baba, asubuhi moja banda halitahamishwa, na ya pili vilevile, na ugonjwa utaingia. Afadhali mama anunue hisa yake, awe mwanachama kamili, mkopo uandikwe kwa jina lake na mapato yawe mkononi mwake. Anayeamka alfajiri kung'oa vigingi ndiye anayestahili kuhesabu faida.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kila mmoja ataje kuku wake wa mwisho aliangua vifaranga wangapi, na wangapi wako hai leo. Jumla ya kikundi ni ngapi?
2. Kwa nini kuhamisha banda mara moja kwa wiki hakuzuii kuhara damu?
3. Nyumbani kwako nani atahamisha banda kila asubuhi, hata msimu wa palizi? Je, amekubali mwenyewe?
4. Kitongoji chenu kina kuku wangapi? Siku ipi yafaa kuwa siku ya chanjo, na nani atamwarifu afisa mifugo?
5. Chama chenu kina wanachama wanawake wangapi wenye hisa kwa majina yao wenyewe?

Majibu ya swali la 1 na la 5 yaandikwe na katibu na kusomwa katika mkutano mkuu ujao.